Kodi ya mafuta yanayochomwa nje ya barabara ni ya nani?

Mkulima anayemwagilia nyanya kwa pampu ya petroli na mwenye Noah ya abiria wanajaza mafuta kituo kimoja na kwa bei ileile. Ndani ya bei hiyo mna tozo ya barabara. Mwenye Noah anailipa na barabara anaitumia. Pampu ya mkulima haijawahi kukanyaga lami, ila kubebwa tu mgongoni mwa pikipiki kwenda shambani. Pawatila, mashine ya kusaga inayotumia dizeli na injini ya mtumbwi wa mvuvi ziko katika kundi hilohilo.

Kwa wanaodhani hayo ni mambo madogo, tufanye hesabu fupi. Mwaka 2021 tozo ya mafuta Tanzania iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na nyongeza hiyo ikaelekezwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Chukua mfano wa pampu inayokunywa lita tano kwa siku, ikifanya kazi siku 100 za kiangazi. Hizo ni lita 500, yaani shilingi 50,000 kwa nyongeza ile peke yake, ukiacha tozo iliyokuwapo tangu awali. Kwa mtu mwenye nusu eka ya nyanya, hiyo ni bei ya dawa za msimu au sehemu yake kubwa.

Swali la nani mwenye haki na fedha hizo limeulizwa na kujibiwa kwingine. Ajabu ni kwamba huko Marekani waliofanikiwa kulipeleka hadi bungeni, na kupata fungu lao, ni watu wa starehe: wenye pikipiki za porini, pikipiki za magurudumu manne na jipu za kupandia milima. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Walisema kwamba mafuta wanayachomea porini, lakini kodi yake inajenga barabara kuu wasizozitumia wanapofanya mchezo wao. Wakadai irudi porini kutengeneza njia zao.

Huenda msomaji akauliza michezo ya Wamarekani inamhusu nini mtu anayehangaika na bei ya mbolea. Inamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya tozo. Ya pili ni kwamba njia ya porini ya Marekani na njia ya shambani ya kwetu zina adui mmoja, nayo ni maji. Gurudumu likichimba mfereji, mvua inaufanya korongo, na mwaka wa tatu hapapiti hata punda. Kuchimba njia ni rahisi na kila mwanasiasa hupenda kupigwa picha siku hiyo. Shida ni nani atarudi kila mwaka kukata mitaro ya kutoa maji na kwa fedha gani.

Mgawo ulivyopatikana

Mwaka 1991 Bunge la Marekani, katika sheria kubwa ya usafiri ya mwaka huo, lilianzisha mfuko wa njia za mapumziko. Miaka ya kwanza mfuko ulikuwa kwenye karatasi zaidi kuliko benki, kwani fedha zilitoka kwa kusuasua na miaka mingine hazikutoka kabisa. Sheria iliyofuata, ya mwaka 1998, ndiyo iliyoupa fungu la uhakika kutoka Mfuko wa Barabara Kuu, ambao chakula chake kikuu ni kodi ya mafuta. Kodi hiyo ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli, na haijapandishwa tangu 1993.

Kwa miaka mingi sasa fungu la njia za porini limekuwa takriban dola milioni 84 kwa mwaka. Nusu yake hugawanywa sawa kwa majimbo yote. Nusu nyingine hugawanywa kwa kuangalia kila jimbo linachoma kiasi gani cha mafuta nje ya barabara kwa shughuli za mapumziko. Likishafika kwenye jimbo, sheria inataka angalau asilimia 30 iende kwenye njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwenye njia za waenda kwa miguu, baiskeli na farasi, na asilimia 40 kwenye njia zinazotumiwa na makundi mbalimbali kwa pamoja. Kila jimbo lazima liwe na kamati ya ushauri yenye wawakilishi wa pande zote mbili, wenye injini na wasio na injini. Jimbo lisilo na kamati inayokutana linajikosesha fedha.

Kipengele kinachostahili kutazamwa zaidi ni cha mchango wa wenyeji. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 80 ya gharama za mradi, na kinachobaki kinatafutwa na wahusika wenyewe. Hawalazimiki kutoa fedha taslimu. Saa za kujitolea, mbao, changarawe na matumizi ya mitambo ya mwanachama huthaminiwa na kuhesabiwa. Kwa lugha ya kwetu, msaragambo unapewa bei na unaingia kwenye vitabu. Waliopitia miradi ya TASAF wanaufahamu utaratibu unaofanana na huu, ambapo nguvu za wananchi huhesabiwa kuwa sehemu ya mchango wao.

Pamoja na sifa hizo, wenye pikipiki hawakupata walichodai chote. Makadirio ya serikali kuu yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kodi inayotokana na mafuta ya mapumziko nje ya barabara ni kama dola milioni 281 kwa mwaka. Kinachorudi porini ni chini ya theluthi moja. Kinachobaki kinaendelea kujenga barabara kuu, na wabunge hawana haraka ya kukirudisha.

Na mkulima wa Marekani je? Yeye hakusubiri mfuko. Dizeli ya shambani huko inatiwa rangi nyekundu na haitozwi kodi ya barabara hata kidogo. Ukikutwa nayo ndani ya tangi la gari la barabarani, faini inaanzia dola 1,000. Kwa petroli, mkulima hulipa kituoni kama wengine, kisha anadai kodi yake irudishwe mwisho wa mwaka anapofanya hesabu za kodi ya mapato. Kwa hiyo kuna njia mbili za haki: usikatwe, au ukatwe na urudishiwe mahali ulipochomea. Wenye pikipiki walichukua ya pili kwa sababu huwezi kutia rangi petroli ya mchezo.

Makaa ya mawe yalipopungua

Fedha peke yake haitengenezi njia. Mfano mzuri uko West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe, kusini kabisa ambako karne ya 19 koo mbili za Hatfield na McCoy zilipigana kisasi kilichobaki kwenye historia. Kaunti ya McDowell ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950, enzi za makaa. Mitambo ilipochukua kazi za wachimbaji na migodi kufungwa, watu waliondoka. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 19,111 tu. Duka lililokuwa likiuza kwa wachimbaji mia tano likabaki na wastaafu.

Mwaka 1996 bunge la jimbo hilo liliunda mamlaka moja ya njia za porini kwa kaunti kadhaa za kusini, na njia za kwanza zikafunguliwa mwaka 2000. Zikaitwa Hatfield-McCoy, kisasi kikawa biashara. Leo zina urefu wa zaidi ya maili 1,000, sawa na kilomita 1,600 hivi, na zinaunganisha mabonde ambayo kwa barabara ya kawaida yanazungukwa kwa saa nzima.

Sehemu kubwa ya ardhi ile si ya serikali. Ni ya makampuni ya ardhi, ya makaa na ya magogo. Hapo ndipo penye somo. Mwenye ardhi hakuogopa pikipiki kupita. Alichoogopa ni mtu kuvunjika mguu na kumpeleka mahakamani. Zamani vijana walipita kwa kujiiba, mwenye ardhi akaweka minyororo, vijana wakaikata, na kila upande ukaona mwenzake ni adui. Sheria ikamkinga mwenye ardhi dhidi ya madai, mamlaka ikabeba bima, naye akasaini leseni ya kuruhusu matumizi huku akiendelea kuchimba na kuvuna magogo yake. Akitaka kufungua machimbo mahali fulani, njia inahamishwa. Hakupoteza ardhi.

Anayeingia lazima awe na kibali. Kwa miaka mingi mgeni alilipa dola 50 kwa mwaka na mkazi wa jimbo dola 26.50. Mwaka 2021 viliuzwa vibali zaidi ya 90,000. Hata ukivihesabu vyote kwa bei ya chini ya mkazi, unapata zaidi ya dola milioni 2.3, na wengi wa wanunuzi hutoka nje ya jimbo. Fedha hizo hulipa askari wa njia na mafundi wanaoziba makorongo. Ruzuku ya serikali na fungu la kodi ya mafuta huongezea kwenye kazi kubwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo, jambo kubwa halikuwa njia yenyewe. Lilikuwa ruhusa ya kuingia mjini. Miji midogo kama Gilbert, Man na Matewan iliruhusu pikipiki za magurudumu manne kupita mitaani ili mgeni atoke porini moja kwa moja hadi kituo cha mafuta, mgahawa, gereji na nyumba ya kulala. Bila ruhusa hiyo mgeni angekuja na gari lake likiwa limesheheni chakula na mafuta kutoka kwao, acheze, aondoke, na kijiji kibaki na vumbi. Wapo waliogeuza nyumba za wazazi wao zilizokuwa zikioza kuwa malazi ya wageni, wengine wakaanza kukodisha pikipiki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Marshall ulikadiria mchango wa njia hizo katika uchumi kuwa zaidi ya dola milioni 68 kwa mwaka 2021.

Takwimu za namna hiyo zipokelewe kwa tahadhari, maana huhesabu shilingi moja kila inapopita mikononi mwa watu. Tena McDowell iliendelea kupoteza watu: mwaka 2010 ilikuwa na 22,113, miaka kumi baadaye imepungukiwa na 3,000. Mwenye nyumba ya wageni anapata wateja wikendi na msimu wa joto. Mshahara wa mgodini ulikuwa wa kila wiki. Njia za porini zimewashikia watu maduka yasifungwe, na hilo si dogo, ila hazijarudisha mji uliokuwapo.

Mfuko ukinona

Upande wa pili wa nchi, California ndiyo iliyoanza mapema kuliko wengi. Sheria yake ya mwaka 1971 iliweka mfuko maalumu wa vyombo vya nje ya barabara, unaolishwa na sehemu ya kodi ya mafuta ya jimbo, ada ya usajili na kiingilio cha mbuga za jimbo zilizotengwa kwa michezo hiyo. Chombo kisichosajiliwa kwa barabara kinabandikwa stika, maarufu ikiwa ile ya kijani. Fedha hutumika kuendesha mbuga hizo na kutoa ruzuku kwa kaunti, idara za misitu, polisi na vikundi. Sehemu ya ruzuku ni ya kurudisha uoto kwenye ardhi iliyoharibiwa. Kipengele hicho ndicho kilichowatuliza wafugaji na watu wa mazingira, kwani anayeharibu ndiye anayelipia kuponya.

Sasa angalia kilichotokea. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, jimbo likaishiwa. Mfuko wa wenye pikipiki ulikuwa umenona. Serikali ya jimbo ikakopa humo makumi ya mamilioni ya dola kuziba pengo la bajeti. Ulikuwa mkopo halali, uliopitishwa na bunge. Lakini aliyenunua stika hakuulizwa, na makorongo hayakusimama kusubiri mkopo urudishwe. Mpango wenyewe ulikuwa na tarehe ya kufa kisheria, ukihuishwa kila baada ya miaka kadhaa kwa mvutano, mpaka mwaka 2017 ulipofanywa wa kudumu.

Sisi wa huku hatuna haja ya kwenda California kuyaona hayo. Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Mwaka 2025 serikali ikaweka shilingi 7 kati ya hizo kuwa dhamana ya kupata fedha za kulipa madeni ya wakandarasi. Wakandarasi walistahili kulipwa, hakuna ubishi. Lakini lita atakayonunua mkulima wa Meru mwaka ujao imeshatumika kulipia kazi ya zamani, na huku magavana na wabunge wakibishana nani mwenye haki ya kushika fungu la barabara za kaunti. Tozo iliyo rahisi kukusanya ni rahisi pia kuwekwa rehani.

California ina fundisho jingine, la mgongano wa watumiaji. Huko Oceano Dunes, mahali pekee katika mbuga za jimbo ambapo gari linaruhusiwa kutembea ufukweni, majirani wamelalamikia vumbi kwa miaka na wahifadhi wamelilia ndege anayetaga mchangani. Machi 2021 Tume ya Pwani iliamua michezo ya magari ikomeshwe ndani ya miaka mitatu. Wenye magari walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya kaunti ikasema Tume ilivuka mamlaka yake. Wafanyabiashara wa mji wa jirani, wakodishaji na wenye hoteli, walikaa miaka yote hiyo bila kujua kama wanunue vyombo vipya au wauze vilivyopo. Hakuna benki inayopenda mteja wa namna hiyo.

Serikali kuu nayo ilichelewa kupanga. Idara ya Misitu ya Marekani ilieleza kwamba watumiaji wa vyombo vya nje ya barabara waliongezeka kutoka milioni 5 mwaka 1972 hadi milioni 36 mwaka 2000. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, misitu mingi iliachwa wazi: pita popote pasipokatazwa. Kanuni ya mwaka 2005 iligeuza utaratibu, ikawa marufuku kupita popote isipokuwa mahali palipochorwa kwenye ramani. Kila msitu ukatakiwa kuchora yake. Waliozoea uhuru walipiga kelele, na wapo wanaolalamika hadi leo. Lakini ukishakuwa na ramani unajua urefu wa njia zako, na ukijua urefu unaweza kupiga hesabu ya matengenezo. Bila hivyo bajeti ni kubahatisha.

Turudi kwenye pampu

Tanzania haijakosa vyombo. Mfuko wa Barabara una historia tangu tozo ya mafuta ya mwaka 1985, na Bodi yake imekuwapo tangu 2000. TARURA ilianza 2017 na inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, mara nne ya ule wa TANROADS. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa zile za halmashauri, mpaka shilingi 100 za mwaka 2021 zilipokuja kupunguza pengo. Zinasaidia. Asiyekubali hilo hajapita baadhi ya barabara za vijijini zilizotengenezwa baada ya hapo.

Tatizo ni kwamba hesabu yetu inakomea kwenye barabara yenye namba. Njia ya kutoka skimu ya umwagiliaji hadi barabara ya kijiji, anakopita bodaboda na magunia matatu ya vitunguu, kwa kawaida haimo kwenye mtandao unaohesabiwa. Ikikatika wakati wa masika, mkulima analipa mara mbili: tozo kwenye mafuta ya pampu, na nauli ya bodaboda iliyopanda kwa sababu njia ni mbovu. Mnunuzi naye, akiona Fuso haifiki, anashusha bei ya gunia shambani kwa kiasi anachotaka yeye.

Je, tutie rangi dizeli ya wakulima? Sidhani kama tuko tayari. Palipo na mafuta ya bei mbili hapakosi ujanja, na tumeshaona mafuta ya taa ya bei nafuu yalivyochanganywa kwenye dizeli mpaka injini za watu zikafa. Kurejesha kodi mwisho wa mwaka kunahitaji risiti na hesabu ambazo mwenye pampu moja hana. Kinachowezekana zaidi ni njia ya wenye pikipiki wa Marekani: serikali ikadirie mafuta yanayochomwa mashambani, ziwani na mashineni, kisha sehemu ya tozo hiyo irudi kwenye wilaya kwa uwiano wa matumizi, ikiwa fungu la njia za mashambani na mialo. Makadirio si lazima yawe sahihi hadi lita ya mwisho. Marekani yenyewe inatumia makadirio.

Wilaya za umwagiliaji zingepata zaidi kuliko zisizo na pampu. Kijiji kingeleta msaragambo wake, ukathaminiwa kwa bei ya kibarua ya mahali pale na kuingizwa kwenye mradi. Kamati ingekuwa na mwakilishi wa umwagiliaji, wa bodaboda na wa wafugaji, kwa sababu njia ikipita kwenye mapalio bila makubaliano tutarudi kwenye minyororo ya West Virginia, isipokuwa kwetu itakuwa fimbo. Na mwenye shamba anayeachia mita mbili za njia aandikishiane na kijiji kwamba ardhi inabaki yake, asije akaambiwa baada ya miaka kumi kuwa alishaitoa.

Fedha za fungu hilo zisingekuwa nyingi. Njia ya bodaboda haihitaji greda la kila mwezi. Inahitaji mitaro ya kukata maji kila baada ya hatua kadhaa kwenye mteremko, kalvati pale mfereji unapopita, na mtu anayelipwa kuzibua kabla ya mvua za vuli na za masika. Ushirika wa wamwagiliaji tayari una watu wa kuzibua mifereji. Kuwaongezea njia na kuwalipa kwa kazi hiyo ni makubaliano ambayo halmashauri inaweza kuanza nayo katika skimu moja, msimu mmoja, kabla ya kungoja sheria ibadilishwe Dodoma.